Tutajaza Mwandiga

Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa. Kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti serikali ilisimamisha uvuvi ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana, na sisi wa Katonga tukajua jinsi usiku ulivyo mrefu pasipo taa za wavuvi majini. Mitumbwi ilivutwa juu ya mchanga ikafunikwa maturubai. Wanawake waliozoea kuanika dagaa wakageukia vitumbua na mawese. Na Canter ya jirani yangu, iliyokuwa ikipanda Kasulu kila wiki na magunia, iliegeshwa chini ya mwembe, ikakaa hapo mpaka kuku wakaifanya nyumba yao.

Siku ya kufunguliwa ilipofika, furaha ilikuwepo lakini dagaa hawakuwepo. Mwezi ulikuwa unakaribia kujaa. Tarehe 19 Agosti uliwaka kiasi kwamba mtu angeweza kuchambua mchele uani bila taa. Dagaa wetu huvuliwa gizani, kwa kuvutwa na mwanga. Nani atafuata taa yako wakati mbingu nzima imewashwa? Tukangoja tena, hadi mwanzoni mwa Septemba.

Kwa hiyo gari lile lilikaa miezi mitatu na nusu, na hesabu hiyo naitaja kwa makusudi. Tairi zima kabisa, lisilo na msumari wala mkwaruzo, huvuja. Upepo hupenya kwenye mpira wenyewe taratibu, kama maji yanavyotoka jasho kwenye mtungi. Tairi la gari dogo hupoteza kiasi cha PSI moja kwa mwezi, pengine mbili, na kama vali imechoka au ringi imeliwa na kutu, hupoteza zaidi. Hakuna anayeliona hilo likitokea. Kuku walioishi chini ya Canter hawakuona chochote.

Nilikuwa na arobaini ya ndugu yangu Kasulu, nikaomba nafasi kwenye kebini. Tulikuwa watatu mbele: dereva, mama mwenye mzigo, na mimi. Utingo, kijana wa miaka ishirini hivi, alipanda juu ya magunia, jambo ambalo nalo lina kisa chake cha siku nyingine. Lakini kabla ya kupanda alifanya kazi yake. Alizunguka gari na spana ya ringi mkononi, akigonga tairi moja baada ya jingine, sikio ameliinamisha kama mnunuzi wa fenesi. Tairi lililojaa hujibu kwa mlio mkavu na spana huruka mkononi. Ya mbele yote mawili yaliruka. Ya nyuma kulia yakaruka. Nyuma kushoto, la nje liliruka. La ndani, lile usiloliona mpaka uiname, lilijibu *bufu*, kama godoro.

"Kaka, hili la ndani limelala."

"Halina kitu kabisa au limepungua?"

"Limepungua."

"Basi tutajaza Mwandiga. Mama anawahi soko."

Mama mwenyewe alitoa kichwa dirishani. "Mwanangu, mimi dagaa wangu wamekauka. Hawaozi. Kama ni la kujazwa, jaza."

Dereva akacheka, akawasha gari. Sikuingilia. Mimi ni mwalimu mstaafu, na mtu aliyepewa lifti huwa na adabu ya kupita kiasi.

Mwandiga umeme ulikuwa umekatika. Fundi pancha alikuwa amekaa juu ya ringi iliyopinduliwa, anakula muhogo, kompresa yake imenyamaza pembeni. "Labda saa nane," alisema, kwa sauti ya mtu ambaye ameshasema hivyo tangu asubuhi. Alikuwa na pampu ya mguu ya baiskeli, akaipendekeza kwa utani, tukacheka wote. Tairi la Canter lenye mzigo hudai zaidi ya mara mbili ya upepo wa gari dogo. Ungepiga pampu ile hadi magharibi. Dereva aliangalia jua, akaliangalia tairi, akalipiga teke. Teke halipimi kitu, ila humwondolea mtu shaka.

"Tutajaza Kasulu."

Tulipopita Kidahwe na kuanza kupandisha, nilisikia harufu ya mpira unaoungua. Niliisikia mimi, na mama aliisikia pia, maana aliziba pua kwa upande wa kanga. Lakini Septemba milima yote ya Kigoma huwa inafuka. Watu wanachoma nyika, wanasafisha mashamba kabla ya mvua. "Wanachoma," dereva alisema, na kweli upande wa kulia palikuwa na moshi. Ushahidi ulikuwepo, haukuwa wa kesi yetu tu.

Lilipopasuka nilidhani tumepigwa risasi. Gari liliinamia kushoto, nyuma ikayumba. Na hapa lazima nimpe dereva haki yake, kwa sababu mengi yaliyobaki nitamlaumu: hakugusa breki. Aliushika usukani kwa mikono miwili kama anayemshika ng'ombe pembe, akaondoa mguu kwenye mafuta polepole, akaliacha gari lichoke lenyewe, ndipo akalitoa nje ya lami. Mtu anayekanyaga breki kwa hofu tairi linapopasuka hulipa gari sababu ya kuzunguka, na anayekata usukani kwa ghafla humalizia kazi. Tulisimama. Mama alikuwa anasoma dua kwa sauti ya chini.

Tulishuka kutazama. Lililopasuka halikuwa lile lililolala. Lilikuwa la nje, jirani yake, lile zima, lililokuwa limeruka vizuri kuliko yote asubuhi. Lile la ndani lilikuwa bado lipo, limejikunja chini ya mzigo, la moto kiasi kwamba utingo aliliwekea kiganja akakitoa upesi.

Dereva alitikisa kichwa. "Tairi jipya kabisa. Hawa wanatuuzia mafeki."

Yaliyofuata nayaandika kwa mpangilio yalivyotokea, maana hakuna hata moja lililokuwa la ajabu. Utingo alikata matawi akayaweka barabarani nyuma yetu. Vizuri, ingawa gari lilikuwa na pembetatu yake ya kuakisi nyuma ya kiti, bado kwenye nailoni. Tulikuwa kwenye mteremko. Jiwe moja, la ukubwa wa kichwa, liliwekwa nyuma ya tairi la mbele. Moja. Mzigo haukushushwa hata gunia. Jeki iliwekwa kwenye udongo wa pembeni, ule mwekundu unaoonekana mgumu mpaka ukanyagwe na kitu kizito. Wakanyanyua kwanza, tairi likaelea, ndipo wakaanza kufungua nati.

Aliyewahi kufungua nati za lori anajua hazifunguki kwa mkono. Wanachomeka bomba kwenye spana, mtu anapanda juu ya bomba na kurukaruka. Dereva alipanda, akaruka. Kila alivyoruka gari lilitikisika, na kila lilivyotikisika kitako cha jeki kilizama kidogo upande mmoja. Mimi niliona. Nilisema, "Jamani, hiyo jeki," na dereva akajibu, "Usijali mwalimu, tumezoea." Nati ya mwisho ikaachia. Utingo akaingiza mikono yote miwili, wa kulia juu ya tairi, kati ya mpira na bodi, ili alivute.

Jeki haikufanya kelele. Ililala tu, kama mzee anavyolala kitini. Gari likashuka.

Vidole viwili vya mkono wa kulia, cha kati na cha pete. Pickup iliyokuwa inashuka ilimchukua. Mama alikwenda naye, mkono umefungwa kwa kanga yake, na magunia yake akayaacha kando ya barabara bila kugeuka nyuma. Hospitali walifanya walichoweza kufanya, na vidole vile havikubaki.

Kesho yake dereva na mimi tulikuwa kwa fundi pancha mmoja Kasulu, mtu wa makamo, mfupi, mwenye geji inayoning'inia shingoni kwa kamba kama daktari. Alipima kwanza lile la ndani. Lilisoma 45. "Hili lilitakiwa liwe na themanini na ushee," alisema. Halafu hakulijaza. Dereva akamhimiza ajaze twende. Fundi akalitoa kwenye ringi, akaingiza mkono ndani ya tairi, akauzungusha, akautoa. Kiganja kilikuwa kimejaa unga mweusi, mlaini kama masizi ya sufuria.

"Mpira umejisaga wenyewe," alisema. "Hili lilishakufa. Lilikuwa linatembea tu."

Kisha alitueleza, huku anaosha mkono kwa sabuni ya unga, na mimi nilijuta kwamba miaka thelathini nimefundisha fizikia bila kuwa na mfano mzuri kama ule. Mpira haubebi mzigo, alisema. Upepo ndio unaobeba. Mpira ni gunia la kuzuia upepo usitoke. Upepo ukipungua, ubavu wa tairi hujikunja kila unapofika chini na kujinyoosha kila unapopanda juu, mamia ya mara kila kilomita. Chukua waya, ukunje, uukunjue, uukunje tena: unapata moto mkononi kabla haujakatika. Ndivyo tairi linavyopata moto, kutoka ndani, na ndiyo harufu ile tuliyoisingizia nyika.

"Na la nje lilikuwa na kosa gani?" dereva aliuliza.

"Halikuwa na kosa. Lilibeba la mwenzake."

Matairi mawili ya ekseli moja upande mmoja hugawana mzigo. La ndani liliposinyaa, lilishuka, na uzito wake ukahamia kwa jirani. La nje likabeba karibu mzigo wa matairi mawili, kwenye mlima, saa sita mchana, juu ya lami ya Septemba. Likapasuka likiwa na upepo wake kamili. Kwa hiyo yule anayekwenda dukani kulalamika kwamba tairi jipya limepasuka, fundi alisema, aulizwe kwanza habari za tairi lililokuwa kando yake.

Niliposikia neno hilo nilikumbuka Jeddah.

Watu wazima wa Ujiji watakumbuka msiba ule, maana kila mji wenye mahujaji uliusikia. Tarehe 11 Julai 1991 ndege aina ya DC-8 iliyokodiwa kuwarudisha mahujaji Nigeria iliruka kutoka Jeddah kuelekea Sokoto, ikashika moto, ikajaribu kurudi, ikaanguka karibu na uwanja. Abiria 247, wahudumu na marubani 14. Hakupona hata mmoja. Kwa miaka mingi nilikijua kisa kile kama ajali ya moto. Baadaye nikasoma yaliyobainika kwenye uchunguzi: kilikuwa kisa cha upepo.

Kabla ya safari, mafundi walipima matairi wakakuta mawili, namba 2 na namba 4, yana upepo chini ya kiwango kinachoruhusiwa kurukia. Matairi ya ndege hujazwa gesi ya naitrojeni. Walitafuta naitrojeni, haikupatikana karibu. Kuisubiri kungechelewesha safari, na msimamizi hakutaka ichelewe. Ndege ikaachwa iende. Ilipokuwa ikitambaa kwenda kwenye njia ya kurukia, tairi namba 2 lililolala lilimwachia mzigo jirani yake wa ekseli moja, namba 1, ambalo halikuwa na kasoro. Namba 1 likajikunja, likapata moto, likapasuka ndege ilipoanza kukimbia. Namba 2 likafuata papo hapo. Msuguano ukawasha moto, na marubani, ambao hawakujua, wakayakunja magurudumu yanayowaka ndani ya tumbo la ndege.

Kule naitrojeni, kwetu umeme wa Mwandiga. Nilimsimulia dereva pale pale kwa fundi. Alinyamaza, akaanza kuchora mchanga kwa kijiti.

Fundi naye alikuwa na lake la kuongeza, na hili ndilo ninalotaka lisikike zaidi, kwa sababu hata tungekuta kompresa inanguruma pale Mwandiga huenda tusingekuwa salama. Tairi la lori lililotembea likiwa limepungukiwa sehemu ya tano ya upepo wake, au zaidi, halijazwi hivi hivi. Linatolewa kwenye ringi na kukaguliwa ndani. Nyuzi za chuma zilizoko ubavuni zimeshachoka kwa kukunjwa. Ukilisukumia upepo, ubavu unaweza kuachana wote kwa mstari mmoja, kama zipu, mbele ya uso wa anayejaza. Ndiyo maana yeye, tairi lolote la lori, huliweka ndani ya kizimba alichochomelea kwa vyuma chakavu, anaunga mpira mrefu, anasimama kando, si mbele yake. Nimewaona vijana wengi wanajaza tairi la lori huku wamelikalia kama kigoda, wanachati. Na zile ringi za vipande, zenye pete ya chuma ya kubana pembeni, ni mbaya zaidi: pete isipokaa vizuri, upepo huirusha kama kombora.

Mimi mwenyewe nina gari dogo, la Kijapani kama la wengi wetu, na tangu siku ile nimekuwa msumbufu nalo. Ukifungua mlango wa dereva, kwenye nguzo utakuta kibandiko. Kimeandikwa Kijapani, na kwa miaka sita nilikiona kama pambo. Lakini tarakimu ni tarakimu: 220, 230, 240. Hizo ni kPa. Gawanya kwa 7 utapata takribani PSI ambazo geji ya fundi inasoma. 220 ni kama 32. Hicho ndicho kipimo cha gari lako, cha mbele na cha nyuma, wala si lazima viwe sawa. Namba iliyochapwa ubavuni mwa tairi lenyewe ni jambo jingine: ni ukomo ambao tairi haliruhusiwi kuuvuka, na kuna mafundi wanaojaza hadi pale kwa nia njema kabisa. Tairi lililojazwa kupita kiasi hukanyaga kwa katikati tu, huliwa katikati, na kwenye mvua hushika barabara kidogo kuliko linavyopaswa.

Upepo hupimwa asubuhi, gari likiwa limelala, halijatembea zaidi ya kilomita moja au mbili. Ukifika kwa fundi baada ya safari, geji itakupa namba iliyopanda kwa sababu ya joto, PSI nne, tano, na kosa linalofanywa hapo ni kuutoa "upepo uliozidi". Haukuzidi. Kesho asubuhi utakuwa na tairi lililopungukiwa, na umelilipia.

Kuhusu pancha ya kawaida ya gari dogo, msumari wa mtumbwi kwa mfano, ambao Katonga tunauokota kama maembe: usiuchomoe. Tairi lisilo na tyubu huubana msumari ule na kuvuja polepole, ukiuchomoa unalifungulia mlango. Kama upepo bado upo, nenda taratibu hadi kwa fundi. Kama umeisha, simama hapo hapo, hata kama nyumbani unakuona. Kutembelea ringi mita mia mbili huua tairi ambalo lingezibwa kwa kiraka. Msumari wa katikati panapokanyaga huzibika, na kiraka cha ndani ni bora kuliko ile kamba ya gundi inayosukumwa kwa sindano kutoka nje. Msumari wa ubavuni hauzibiki, hata fundi akuapie. Na kabla hujaondoka mwache ateme mate kidogo juu ya vali aangalie kama inatoa povu. Si uchafu, ni kipimo.

Kubadilisha tairi nimejifunza upya, uzeeni. Kwanza abiria wote washuke, wasimame mbali na barabara, juu, si nyuma ya gari. Pembetatu itoke kwenye nailoni yake, iwekwe mbali vya kutosha kwa anayekuja na kasi aione akiwa bado na nafasi ya kuamua. Breki ya mkono, gia, mawe mbele na nyuma ya tairi la upande wa pili. Nati hulegezwa nusu mzunguko tairi likiwa bado chini, maana ardhi ndiyo inayokusaidia kulishika. Malori mengi ya zamani ya Kijapani yana nati za kushoto zinazofunguka kinyume, zimepigwa herufi L, na mtu anaweza kurukia bomba nusu saa huku anakaza. Ubao chini ya jeki, nami sasa natembea na kipande cha mninga kwenye buti. Kisha spea inalazwa chini ya gari kabla mkono wowote haujaingia. Jeki ikilala, gari linakaa juu ya spea. Linapotoka tairi bovu, ndilo linaingia chini mahali pa spea. Ule ujanja mdogo ungemwachia kijana vidole vyake.

Spea yenyewe ipimwe pia, maana huwa ndilo tairi linalosahauliwa kuliko yote, na siku linapohitajika huwa limelala pamoja na mwenye gari. Zile spea nyembamba za magari madogo hudai upepo mwingi, 420 kPa, yaani 60 PSI, na hazipaswi kuzidi kilomita 80 kwa saa. Nati hukazwa kwa kuvukana, hii kisha ya mkabala wake, na baada ya kilomita hamsini hivi unasimama kuzikaza tena.

Mawe yale unayoyatumia, yaondoe. Tulipoondoka siku ile, jiwe letu, lile moja lisilosaidia, tuliliacha pale pale kwenye ukingo wa lami, na matawi yakabaki kunyauka. Niliyaona wiki iliyofuata niliporudi. Usiku kuna kijana wa bodaboda atakayepita hapo.

Hilo wazo la kubebwa na upepo si la zamani sana. Mwishoni mwa miaka ya 1880 John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo huko Belfast, aliifungia mipira yenye upepo baiskeli ya mwanawe ya magurudumu matatu, iliyokuwa inamrusha rusha barabarani, na dunia nzima ikataka mpira. Ng'ambo ya ziwa letu, kwenye milima ile tunayoiona kutoka Katonga siku za hewa safi, ilikuwa Kongo ya Mfalme Leopold, na watu walikatwa mikono kwa ajili ya mpira huo. Nilikuwa nikilifundisha hilo darasani kama historia. Sasa kila ninapoona mkono wa yule kijana, somo linanijia likiwa na harufu.

Amerudi kazini. Dereva ni yule yule, na sitaki kumchora kuwa mtu mbaya; alilipa gharama za matibabu kwa kuuza mbuzi wake, na geji aliinunua mwenyewe, ya shaba, Kigoma mjini. Gari linapopakiwa mwaloni hulizima. Zamani lilikuwa linanguruma wakati wote, kwa haraka. Kijana anazunguka na spana ya ringi, siku hizi ameishika kwa mkono wa kushoto, na kila tairi analigonga mara mbili kwa sababu mkono huo bado haujazoea. Akifika nyuma kushoto anapiga magoti mchangani, anaingiza kichwa hadi mabega ili alifikie la ndani, na sisi wote tulio karibu, wachuuzi wa dagaa, watoto, hata wale wa mitumbwi, tunajikuta tumenyamaza tukisubiri litajibu nini.